Kuuza Nyumba Bila Komisioneri: Habari za Nyumba na Hati Katika Kolwezi

Mtu akipita katika mitaa ya Kolwezi, ikiwa upande wa Manika au upande wa Dilala, ataona maneno yaliyopakwa rangi ukutani, mara nyingi kwa Kifaransa, ambayo maana yake ni hii: "Nyumba hii haiuzwi." Mgeni akiyasoma hushangaa. Kwingine mwenye nyumba huandika kwamba nyumba yake inauzwa. Kwetu huandika kwamba haiuzwi. Mbona? Ni kwa sababu anaogopa kwamba siku akiwa safarini, au siku akiisha kufa, mtu mwingine ataiuza nyumba hiyo kwa siri.

Maneno hayo machache yana historia ndefu, nasi twataka kuieleza leo, maana wengi wanatuuliza swali moja: Je, mtu aweza kuuza nyumba yake mwenyewe, bila kumlipa komisioneri? Jibu letu ni kwamba aweza. Lakini yafaa kwanza ajue nyumba za mji huu zilitoka wapi, ili auelewe mzigo anaojitwika.

Zamani hati ilikuwa mashahidi

Kabla ya kuja kwa Wazungu nchi hii ya Lualaba ilikuwa na wakubwa wake, wa Basanga, wa Balunda na wa makabila mengine. Shaba waliijua sana. Waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuru za udongo, wakatengeneza misalaba ya shaba, na misalaba hiyo ilitumika katika biashara na katika mahari. Lakini kiwanja hakikuwa kitu cha kupelekwa sokoni. Aliyetaka kujenga alimwendea mkubwa wa nchi, akaomba mahali, akaonyeshwa mbele ya watu. Nyumba ilikuwa ya miti, udongo na majani. Mashamba yalipochoka, watu walihama, na nyumba ikaachwa ianguke. Mpaka wa kiwanja ulikaa katika kumbukumbu za majirani. Hati ya siku zile ilikuwa mashahidi, wala hapakuwa na nyingine.

Ndipo tarehe 1 Julai 1885 Serikali ya Mfalme Leopold II, ile iliyoitwa Bula Matari, ilitoa amri kwamba nchi zisizo na mwenyewe ni mali ya Serikali. Amri ilikuwa fupi, lakini uzito wake ulikuwa mkubwa. Shamba lililoachwa lipumzike, pori la kuwindia, mahali pa kijiji cha zamani, vyote viliweza kuhesabiwa kuwa havina mwenyewe.

Bula Matari ilileta pia desturi ya daftari la ardhi, iliyoanzishwa na Robert Torrens huko Australia ya Kusini mwaka 1858. Desturi yenyewe ni nyepesi kuelewa. Kila kiwanja kina ukurasa wake katika daftari la Serikali, na mwenyewe hupewa hati inayolingana na ukurasa huo. Kiwanja kikipita kwa mtu mwingine, jina la kwanza huondolewa na jina la pili huandikwa. Asiyeandikwa, hata kama ametoa fedha yote, mbele ya daftari bado si mwenyewe.

Katika Katanga ardhi ilisimamiwa tangu mwaka 1900 na halmashauri iliyoitwa Comité Spécial du Katanga. Ndiyo iliyogawa nchi kwa makampuni na kwa Wazungu. Wao waliingia katika daftari. Mwafrika kwa kawaida alibaki nje ya daftari, naye akapewa ruhusa ya kukaa tu.

Nyumba iliyokuwa mshahara

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 uwe makao ya migodi ya magharibi, na kandokando yake zikajengwa kambi za wafanyakazi, kama vile Musonoi.

Hapo kwanza kampuni ilileta wanaume peke yao kwa miezi michache. Ilipoona kwamba wanaondoka upesi, wengine wakiwa wagonjwa, iligeuza mashauri yake. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 iliandika watu kwa mkataba wa miaka 3, ikawapokea pamoja na wake na watoto wao. Ikawapa nyumba, posho, hospitali na shule. Wazee wetu bado wanazisimulia siku zile kwa kuzitamani. Lakini nyumba haikuwa mali yao. Ilikuwa sehemu ya mshahara. Aliyeandikwa kazini aliingia. Aliyeachishwa kazi alitoka, hata kama watoto wake wote walizaliwa humo. Hivyo watu walikaa miaka mingi katika nyumba nzuri za matofali bila kujifunza namna ya kununua nyumba wala namna ya kuiuza.

Nje ya kambi mambo hayakuwa tofauti sana. Amri ya tarehe 23 Novemba 1931 iliweka miji ya Waafrika isiyokuwa chini ya wakubwa wa jadi. Humo mtu aliweza kupewa kiwanja na kujenga, lakini ardhi haikuwa yake. Ni amri ya tarehe 10 Februari 1953 iliyomfungulia Mkongo njia ya kuwa na ardhi kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1955 mfalme Baudouin alipoitembelea nchi, ukawekwa Mfuko wa Mfalme wa kusaidia watu wenye mapato madogo wajenge nyumba. Sasa hesabuni, ndugu wasomaji. Kutoka Februari 1953 mpaka uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 ni miaka 7 na miezi michache. Huo ndio muda wote ambao baba zetu walipewa wa kujifunza kazi ya hati chini ya Wabelgiji.

Udongo ni wa Serikali

Baada ya uhuru Serikali ya Kongo ilirudisha ardhi mikononi mwake kwa sheria iitwayo Bakajika, ya tarehe 7 Juni 1966. Mwanzoni mwa mwaka 1967 ikatwaa mali za Union Minière, na kampuni mpya ikaja kuitwa Gécamines. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Sheria hiyo iliweka mambo mawili ambayo kila muuzaji imempasa kuyajua.

La kwanza: udongo ni mali ya Serikali peke yake, wala hauuzwi. Raia hupewa haki ya kuutumia, ama ya kudumu ama ya miaka iliyohesabiwa. Basi anayeuza nyumba yake hauzi udongo. Anauza majengo pamoja na haki yake ya kukaa juu ya udongo huo.

La pili: haki hiyo huthibitishwa kwa hati moja tu, ile inayotolewa na mtunza hati za ardhi, ambayo watu huiita sertifika. Lakini nyumba nyingi za mji zina fishi ya parseli tu, au karatasi ya mauzo iliyopigwa muhuri kwenye komini. Karatasi hizo zina faida yake, lakini si sertifika. Mtu anayenunua kwa fishi peke yake amenunua tumaini.

Siku za kuuza kwa machozi

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka chini ya ardhi. Mwaka 1994 shaba iliyotoka ilikuwa kama tani 30,000. Mishahara ilikawia kwa miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa malipo yaliyotolewa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Nyumba, kwa mtu aliyekuwa nayo, ikawa akiba ya mwisho, na wengi waliuza siku waliyokuwa na njaa. Mwenye njaa hapatani bei.

Kuna jambo zito kuliko hilo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya shaba, na hapa Kolwezi hasa mwezi wa Machi 1993. Maelfu walilala vituoni mwa reli wakingoja gari moshi. Wengi wao walizaliwa huku, wazazi wao waliletwa na kampuni hapo zamani. Nyumba zao ziliachwa, na wengine wakaingia. Hatuyataji haya kwa kufukua chuki, bali kwa sababu nyumba iliyoachwa namna hiyo bado ina mwenyewe mbele ya haki, na mnunuzi wa leo apaswa kuuliza: Kabla ya huyu anayeniuzia, alikaa nani humu, naye aliondoka kwa namna gani?

Baadaye sheria ya madini ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa makampuni mapya. Mwaka 2015 Kolwezi ukawa mji mkuu wa mkoa mpya wa Lualaba. Wageni wakaja, na bei za nyumba zikahesabiwa kwa dola. Karibu na mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, kobalti ilionekana chini ya viwanja vya watu. Wakachimba uani, wengine hata chini ya sakafu za nyumba zao. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilitengwa kwa uchimbaji, ikazungushiwa ukuta, na waliokaa humo wakahamishwa kwa malipo. Yafaa tulikumbuke neno hili, maana wapo wauzaji wanaoongeza bei wakisema, "Chini ya nyumba yangu kuna madini." Kwa sheria madini ni ya Serikali. Anayeyauza pamoja na nyumba anauza kitu kisicho chake.

Komisioneri na kazi yake

Katika haraka hiyo ndipo komisioneri walipoongezeka kama uyoga wakati wa mvua. Huko pwani ya Afrika ya Mashariki huitwa dalali. Komisioneri anajua nani anauza na nani anatafuta. Humdai mnunuzi fedha ya kumtembeza, na bei ikikubaliwa hudai mara nyingi sehemu ya kumi.

Tusimtukane. Wapo waaminifu, na kumpata mnunuzi ni kazi ya kweli. Lakini tufahamu mpaka wa kazi yake. Yeye hulipwa siku fedha inapopita mkononi, kwa hiyo hupenda ipite upesi. Hatunzi daftari lolote. Ugomvi ukizuka baada ya mwaka, yeye hayumo katika kesi. Watu wengi hudhani kwamba wakimkwepa komisioneri wameokoa fedha, na wakimlipa wamepata usalama. Mara nyingi yote mawili si kweli. Nasi tulijifunza hayo kwa kosa letu wenyewe.

Kosa letu

Miaka michache iliyopita mama mmoja mjane alitujia baada ya katekisimu. Mume wake, mfanyakazi wa zamani wa mgodi, alimwachia nyumba ya vyumba 3.

Alisema: "Mwalimu, mnunuzi ninaye, ni jirani. Tumepatana dola 12,000. Komisioneri mmoja amesikia, naye anataka 1,200, na hakufanya kitu. Wewe unajua kuandika. Niandikie karatasi."

Tukamjibu: "Mama, fedha ya watoto isiliwe bure. Tutaiandika."

Tukaiandika vizuri, kwa mwandiko mzuri wa seminari. Tukaweka majina, bei na tarehe. Majirani 4 wakatia sahihi, nasi tukatia yetu. Fedha ikahesabiwa mezani. Sisi tulirudi nyumbani tumefurahi, tukidhani tumemlinda mjane.

Baada ya miezi 5 kijana mmoja alifika kutoka Lubumbashi. Alikuwa mtoto wa marehemu kwa mama mwingine, mkubwa kuliko wote. Alisimama mlangoni kwetu, karatasi mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni wewe uliyeandika hii?"

"Marahaba. Ni sisi."

"Je, uliuliza kama baba alikuwa na watoto wengine?"

Hatukuuliza. Tulimjua mjane, tulimhurumia, tukadhani huruma yatosha. Kumbe Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 imewapa watoto wote wa marehemu urithi, na mjane imempa haki ya kuendelea kuitumia nyumba. Haikumpa ruhusa ya kuiuza peke yake. Tena tulipokwenda ofisi ya hati tuliambiwa kwamba karatasi yetu haiwezi kubadili jina katika daftari, maana aliyeuza hakuwa ameandikwa humo.

Tunamshukuru kijana yule, kwa kuwa hakuja na hasira. Jamaa walikaa pamoja mara 3. Hati ya warithi ilitafutwa mahakamani, kisha mauzo yakaandikwa upya mbele ya mtu wa sheria, na warithi wote wakatia sahihi. Kijana alipata fungu lake. Lakini ilichukua mwaka mzima. Gharama za safari, mihuri na ofisi zilipita zile dola 1,200, na mnunuzi alilala mwaka huo bila kujua kama nyumba ni yake. Mama yule hakutulaumu. Sisi tulijilaumu wenyewe.

Anayeuza mwenyewe afanye nini

Mtu asiyetaka komisioneri anaokoa sehemu ya kumi ya bei, lakini kazi haijaondoka. Imehamia mabegani mwake. Nasi twaigawa hivi.

Kwanza, ajue anachouza. Ana sertifika, au ana fishi tu? Aende yeye mwenyewe kwa mtunza hati, aombe ukurasa wa kiwanja chake usomwe. Akikuta jina la babu yake, aanze kwa kurithi kabla ya kuuza.

Pili, awaulize wote wenye haki. Mume asiuze bila mke, wala mke bila mume. Sheria ya 1987 imetaka wote wawili wakubaliane. Warithi waitwe hata wale walio mbali, hata wale tusiopatana nao. Ndugu aliyefichwa ni kesi iliyowekwa akiba.

Tatu, atafute bei bila haraka. Atazame nyumba 3 au 4 za mtaa uleule zilizouzwa karibuni, awaulize waliozinunua. Mnunuzi apatikane parokiani, kazini, sokoni. Nyumba njema haikosi midomo ya kuitangaza. Lakini asimwonyeshe mtu hati yenyewe ila mbele ya mwenzake, wala asimwachie nakala mtu asiyemjua. Nyumba nyingi zimeuzwa na wezi kwa sababu nakala ilizunguka mjini.

Nne, fedha na sahihi vikutane mahali pamoja, mbele ya mtu wa sheria, na kila malipo yapate stakabadhi. Walipane benki ikiwezekana.

Tano, wasiachane mpaka jina limebadilika katika daftari. Hapo ndipo wengi huchoka, wakidhani funguo zikiisha kutolewa kazi imekwisha. Sheria ya ardhi ilisema kwamba sertifika ikiisha kupita miaka 2 haitikiswi tena. Aliyedhulumiwa hubaki na dai la fidia tu. Neno hilo ni ngao ya mnunuzi mwema, lakini ni hatari kwa mrithi anayelala. Na kwa kuwa sheria hurekebishwa, kila mtu aulize ofisini masharti ya siku hiyo.

Kazi hii si mpya duniani. Abrahamu alipotaka mahali pa kumzika Sara, alimwendea Efroni Mhiti mbele ya watu wote langoni pa mji, akapima shekeli 400 za fedha, na shamba pamoja na miti yake vikawa vyake machoni pa mashahidi. Yeremia alipolinunua shamba la Anatoti kwa binamu yake kwa shekeli 17, aliandika hati, moja yenye muhuri na moja wazi, mbele ya mashahidi, akaagiza zitiwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Hapakuwa na komisioneri katika mauzo hayo. Palikuwa na bei iliyosemwa wazi, mashahidi waliojua habari, na kwa Yeremia hati iliyotunzwa. Babu zetu wa Lualaba walikuwa na mashahidi bila hati. Sisi wa mjini tumepata karatasi nyingi, na mara nyingine tumesahau mashahidi. Vyote viwili vyahitajiwa.

Waswahili husema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, ndugu wasomaji, kabla ya kupaka rangi ukutani kwamba nyumba haiuzwi, fungueni sanduku mkatazame jina gani limeandikwa katika hati. Likiwa ni la marehemu, waiteni watoto wake wote, mkaanze kazi hiyo wakati wazee wanaoijua habari wangali hai.